Mwaka wa Mguu wa Moteri

Siku ya tatu ya kilio cha Ya Asukulu, tuliyemwita Ya, yaani kaka mkubwa, mjane wake aliingia ndani, akakawia huko, kisha akatoka akiburuta mfuko wa nailoni, ule wa kuwekea unga, akautua kwenye mkeka mbele yetu wawili. Alisema marehemu alikataza usitupwe. Hata miaka ya kukimbia vita aliuzika kwanza nyuma ya nyumba ndipo akapanda mtumbwi, na aliporudi aliufukua kabla hajaangalia kama paa bado lipo. "Alisema ni vitu vya ule alikuwa mukono na ule alikuwa muguu," mjane akasema. "Mi sikujua maana yake. Muangalie."

Nikaufungua. Mkanda mpana wa ngozi ya ng'ombe, umekauka ukawa kama gome la mti. Vyuma viwili virefu vyenye bawaba katikati. Mnyororo wa baiskeli ulioshikana kwa kutu. Na chini kabisa, mwishoni mwa waya uliochunika, kile kifungo cha honi ya kamyo, cheusi, cha duara, kimelika upande mmoja. Kidole gumba changu kilikijua kabla ya macho. Kando yangu Wabiwa alikuwa akichambua maharagwe kwenye sinia, miguu yake imekunjwa chini ya kikwembe. Hakunyoosha mkono. "Aksanti, mama. Uiache pale," alisema, akaendelea kuchambua, jiwe huku, haragwe huku, kwa ile sauti yake ya kufundisha ambayo mji mzima wa Baraka unaijua. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Mimi nilivuka ziwa, nikakaa kambini upande wa pili, nikarudi nikaishia Uvira; yeye alirudi hapa hapa. Siku zote tatu tulikaa mkeka mmoja, tukala sahani moja, tukacheka hata, kwa sababu Ya Asukulu alikuwa mtu wa kuchekesha na kilio chake kilimfanana. Hakuna kati yetu aliyetaja ule mwaka. Sasa ulikuwa umemwagwa mkekani, na watoto wa jirani walikuwa wanauliza kama ni mtego wa samaki.

Habari za kwetu nyumbani naziruka; mwaka ule nyumbani nilikuwa nalala tu. Maisha yangu yalikuwa kwenye chumba cha mizani. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Kiongozi wa nchi atuamuru kuacha majina ya ubatizo. La kwangu nililiacha kama mtu anayevua kiatu kinachobana, nikabaki Apendeki, miaka kumi na tisa, nimesoma mpaka darasa la sita, msichana wa kucheka ovyo na kuota mchana macho yakiwa wazi. Kampuni ya pamba ilikuwa imeondoka zamani, wakati wa vita vya baada ya uhuru. Iliacha depo tupu, kamyo moja, lori lisilo na magurudumu, juu ya mawe, na chumba chenye mizani kubwa ya sakafuni ambayo zamani walipimia magunia. Ya Asukulu alikuwa mekanisia wao, fundi wa magari. Naye walimwacha kama walivyoacha spana zilizochakaa, na yeye akakifanya kile chumba kuwa atelye, karakana yake. Alitengeneza baiskeli, na alitengeneza vyuma vya miguu kwa watu ambao ugonjwa wa utotoni uliwakausha miguu. Mimi nilienda kumshonea ngozi ya tandiko la baiskeli, siku moja tu, nikabaki.

Harufu ya chumba kile bado ninayo: grisi, ngozi mbichi, na chini yake vumbi tamu la pamba ambalo hakuna ufagio uliowahi kulimaliza. Mchana tulikula juu ya mizani. Nilipika nyuma ya ukuta, bukari, ugali wetu wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi, ndakala, dagaa wetu, kama siku hiyo mitumbwi ya Swima ilileta, nikaingia na sufuria, na tulipokaa tu, sindano kubwa ya mizani, ile ya ukutani, ilitetemeka ikapanda. Baada ya chakula Ya Asukulu aliiangalia kwa uso wa hakimu akasema sindano imemtaja mwizi wa ndakala. Kila siku mwizi alikuwa mimi. Kila siku nilicheka kama ni mara ya kwanza.

Wabiwa aliingia katika chumba hicho kwa mikono. Alikuwa na umri wangu. Alitembea amekaa, akijisukuma kwa viganja, na kwenye viganja alivaa kandambili. Ya Asukulu alimuuliza mikono yake inavaa namba ngapi. Akajibu inavaa namba ile ile ya kichwa cha Papa Fundi, kwa hiyo kama viatu vikiisha atakuja kukiazima. Nikajua tutakaa vizuri. Alikuwa amemaliza shule ya walimu. Diploma yake aliikunja ndani ya kitambaa kichwani, isilowe wakati wa kuvuka mito. Enspekteri wa shule alimsikiliza vizuri, Wabiwa alituambia, akamsifu mwandiko, kisha akamuuliza asubuhi bendera ikipanda yeye atafanya nini. Ilikuwa miaka ambayo bendera ikipanda hata mwenye baiskeli alishuka, hata mwenye kuoga mtoni alisimama na povu lake. Mwalimu asiyesimama mbele ya bendera, enspekteri alisema, anawafundisha watoto nini? Siku atakayosimama, arudi.

"Ya Asukulu," Wabiwa alisema, "mi nalomba kusimama dakika tano kila asubuhi. Zile zingine za maisha yangu nitakaa, siko na neno."

Tulimpimia vyuma, nikashona ngozi. Mguu wa kuume ulikuwa na nguvu kidogo. Akiegemea mikongojo uliweza kumbeba. Wa kushoto ulikuwa mwembamba kama mkono wa mtoto, na kwenye nyonga haukuwa na chochote cha kuurusha mbele. Vyuma viliusimamisha, lakini ulibaki pale ulipo, kama mgeni asiyejua aingie au aondoke. Wiki mbili alijaribu kuutupa kwa kuzungusha kiuno. Alianguka, akaamka, akaanguka. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa nyuma ya kamyo, na kwa sababu nilikuwa nalia nyuma ya kamyo, mvua ikanikuta, nikaingia ndani ya kabini. Ya Asukulu akaja, akaniona nilivyo. Alikuwa ametoka kuweka batri ili aijaribu. Akavuta swichi na vifutio vya kioo vikaanza kwenda, huku na huku, vikiondoa maji. Alitaka tu nicheke. Nami niliangalia ule mkono wa chuma ukienda mbele, ukirudi nyuma, mbele, nyuma, hauchoki. Nikasema, "Ya, hii si mguu?"

Neno hilo ni langu. Nimelibeba.

Ilimchukua Ya Asukulu msimu wote wa mvua kuiweka ile moteri ndogo ya vifutio kiunoni mwa Wabiwa. Mkanda ulitokana na ngozi aliyotuletea mzee mmoja wa Bibokoboko, mfugaji, aliyeshuka kutoka milimani kila baada ya majuma mawili na maziwa na siagi yake. Moteri ilikaa kwenye nyonga ya kushoto; ikizunguka mara moja, mnyororo ulivuta paja mbele, kisha ukalirudisha. Batri ilikuwa nzito, yeye asingeiweza. Niliibeba mimi, ndani ya kikapu cha mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama tunavyobeba muhogo kutoka shamba. Kati yetu waya. Katika mkono wangu kifungo cha honi. Mara ya kwanza Ya Asukulu alikuwa ameweka kifungo mkononi mwa Wabiwa, lakini mikono yake ilikuwa ya mikongojo. Akakiweka chini ya kisigino, kikafika kila wakati kimechelewa, mwili ulishaenda. "Moteri haijuake kuuliza," alisema. "Ukishaituma inaenda mpaka mwisho wa njia yake, hata kama kuna muntu katikati. Lazima mwenye kuituma aulize mbele yake."

Kwa hiyo mimi nikawa wa kuuliza. Nilikuwa mbaya sana. Nilitazama bega lake, kisigino chake, kivuli chake. Nilifinya mapema nikamwangusha mbele, nilifinya kwa kuchelewa nikamwangusha nyuma. Nilimwambia aseme "sasa", lakini akishasema "sasa", sasa ilikuwa imepita. Yule mzee wa Bibokoboko alikuwa amekaa kizingitini siku moja akisubiri kibuyu chake, akituangalia kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba ng'ombe akitaka kuinuka hukata pumzi kwanza. Muda mdogo tu, anaifunga ndani, halafu anainuka. "Huyu mutoto naye anakata," alisema. "We usimuangalie. Musikilize."

Nikafumba macho. Ilikuwa kweli. Kabla ya kila hatua Wabiwa alifunga pumzi, hata yeye mwenyewe hakujua. Tukaanza kutwanga pamoja ili nimzoee, yeye amekaa juu ya kigoda kirefu, mimi nimesimama, michi miwili katika kinu kimoja, na wanaotwanga wanajua kwamba pale hakuna anayeamuru mwenzake. Anayetaka kuamuru anavunjwa vidole. Baada ya mwezi nilikuwa naisikia pumzi yake hata nikiwa nakoroga bukari. Nilifinya, mguu ukaenda. Akafika mlangoni. Siku nyingine akafika kwenye kamyo. Siku nyingine akafika barabarani, na mwanamke mmoja aliyepita na ndizi kichwani alitua mzigo wake akapiga magoti na kuomba. Nami niliota, Bwana wangu, nilivyoota! Niliona moteri za kamyo zote zilizokufa kutoka Baraka mpaka Kazimia zikitoka kwenye kutu na kwenda kuwatafuta wenye miguu. Nilimweleza Wabiwa tukiwa tunaosha vyombo. Akasema ni vizuri, lakini yeye kwanza darasa lake, la kwanza B, madirisha mawili.

Batri ilichajiwa Kazimia, kwa mwenye boti aliyekuwa na jenereta. Ya Asukulu aliipeleka kwa baiskeli. Milimani bado kulikuwa na waasi, na askari waliokuwa barabarani walitafuta kitu kimoja kuliko vyote, redio. Walimsimamisha akirudi. Mtu mmoja, batri ya kamyo, waya mita saba, na kifungo ambacho alishindwa kuwaeleza kinafanya nini. Alipowaambia ni mguu, walicheka. Kisha wakampiga nyayo.

Nilimpelekea chakula kwenye kasho, mahabusu yao, siku tano. Hawakuniruhusu kuingia, tuliongea kwenye kidirisha, na nilimwona uso tu, ndiyo maana sikujua habari ya nyayo mpaka baadaye. Aliuliza kila siku sindano inasemaje. Siku ya sita waliniita kwa mkubwa wa Chama aliyekuwa ametumwa kutoka mbali kuandaa sikukuu. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye fimbo nzuri. Alikuwa amesikia kwamba ule mguu ni kweli. Aliniuliza ni mzungu gani alitufundisha, nikasema hakuna, akafurahi sana. Jambo hilo, alisema, ndilo ambalo Kiongozi anapenda, akili ya wananchi wenyewe, bila mzungu. Kwa hiyo siku ya sikukuu sitwayeni Wabiwa, yaani raia, kama tulivyoamriwa kuitana, atatembea mbele ya watu wote, kutoka goli la uwanja wa mpira mpaka kwenye bendera, na atasimama na kupiga saluti. Batri na waya tutarudishiwa. Enspekteri wa shule atakuwepo. Fundi naye atakuwepo, kati ya askari wawili. Ikiwa mguu ni mguu, fundi ataenda nyumbani. Ikiwa si mguu, basi ilikuwa redio. Na kitu kimoja tu, alisema akiinua fimbo: "Muguu uingie na ngoma. Kushoto ngoma, kuume ngoma. Chama haitembeake ovyo."

Nilirudi nikimlilia Wabiwa. Alikuwa juu ya mizani anaandika kwenye kibao chake. "Banataka kuona nasimama," alisema. "Mi pia nataka banione." Halafu akaniuliza kama kikwembe cha Chama watatupa bure au tutatafuta.

Siku ya mwisho kabla ya sikukuu nilienda kwenye kidirisha nikamwambia Ya Asukulu habari ya ngoma. Alisogeza uso karibu na kidirisha. Kisha akaongea pole pole, kama anavyoongea mtu akikupa vipimo vya chuma. "Kama hausikie pumzi, usifinye. Kusimama si kosa. Unasikia, Apendeki? Asimame pale mpaka jua lizame, bakubwa bakasirike bachoke, lakini usifinye."

"Na we, Ya?"

"Mi niko na bukari, niko na sombe. Nakosa nini?"

Uwanja wa mpira ulikuwa umefagiwa kwa salongo, ile kazi ya lazima ya wote, siku tatu, mchanga mweupe umemwagwa juu ya mashimo ili usionekane ubovu. Watu walikuja hata kutoka Fizi. Bamama wa animasyo, waimbaji wa Chama, walikuwa wamevaa vikwembe vyenye uso wa Kiongozi, nasi tulivaa vile vile. Mgongoni mwa Wabiwa, juu ya mkanda wangu wa ngozi, ule uso ulikuwa unanitazama. Nilikuwa na kamba ya kikapu kwenye paji, batri mgongoni, kifungo mkononi. Tulianza wakati hotuba ilikuwa imeisha na ngoma bado. Watu walinyamaza kabisa. Nilisikia pumzi yake, ikafunga, nikafinya, mguu ukaenda. Ikafunga, nikafinya. Hatua kumi na mbili, sitaongeza wala kupunguza, hatua kumi na mbili ambazo nikifa naomba nizikwe nazo. Nilisikia mtu akisema nyuma yangu, kwa Kibembe, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto, kwamba anatembea.

Kisha fimbo ikainuka jukwaani na ngoma zikaanguka zote mara moja.

Sikusikia tena kitu. Bamama waliimba, vigelegele, viganja, na ngoma ziliingia kupitia miguu yangu mpaka kwenye batri. Niliangalia bega lake, sikuliona kwa machozi au kwa jasho. Nilifinya na ngoma. Ikawa sawa. Nikafinya tena, sawa, kwa sababu yeye pia alikuwa anaitafuta ngoma kwa nguvu zake zote ili tukutane humo. Hatua ya tano ya ngoma, ya sita. Mbele, chini ya jukwaa, nilimwona Ya Asukulu kati ya wale wawili, peku, miguu imevimba kama viazi, na hakuwa anamwangalia Wabiwa. Aliniangalia mimi. Midomo yake ilikuwa inasema neno moja tu na nilijua ni neno gani. Tulikuwa tumebakiza kidogo sana kufika kwenye bendera wakati mkongojo wa kushoto wa Wabiwa ulipozama kwenye ule mchanga, penye shimo lililofichwa. Akasimama, uzito wake wote juu ya mguu wa kushoto, anauvuta mkongojo. Mkubwa akainama mbele kwenye kiti chake. Fimbo yake ilikuwa inapiga goti kufuata ngoma, ikaacha. Askari mmoja akamtazama yeye, kisha akamtazama Ya Asukulu.

Wabiwa alisema, "Ngoja."

Hakupiga kelele. Nilisikia. Miaka yote hii nimesema, na nimeapa, kwamba ngoma zilikuwa nyingi. Zilikuwa nyingi na nilisikia. Ngoma ikaja, na kidole changu kikashuka nayo.

Moteri ilienda mpaka mwisho wa njia yake. Ilinyanyua ule mguu kutoka chini ya uzito wake mwenyewe, na mfupa wa paja, ambao haukuwahi kubeba mtu, ukakatika. Alianguka kwa magoti na viganja mbele ya jukwaa, uso chini. Na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Walidhani amepiga magoti kwa heshima. Waliimba zaidi, na mimi nilikuwa bado nimefinya, kidole kilikuwa kimeganda, na mguu wake uliendelea pale chini mchangani, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama kifutio, mpaka Ya Asukulu alipowaponyoka wale askari, akaja kwa nyayo zile, akaufungua mkono wangu kidole kimoja kimoja.

Mkubwa alipiga makofi. Alisema sitwayeni ameshukuru kwa namna ambayo hata yeye hakuifikiria. Ya Asukulu aliachiwa palepale. Alikata mkanda kwa kisu changu cha kushonea, na wakati anakata aliniuliza bila kuinua kichwa kama Wabiwa aliniambia kitu. "Ngoma, Ya," nilisema. "Sikusikia." Aliniangalia kidogo, akaamini, au akachagua kuamini, sikuwahi kujua na sasa yuko ardhini. Enspekteri, tuliambiwa baadaye, alisema alichokiona yeye ni mtu ameanguka kabla ya kufika kwenye bendera.

Tulimpeleka kwa mtumbwi kwenye misheni yenye nesi. Alilala pale miezi minne na vipande vya mbao. Mfupa ulishika, lakini ulishika ovyo, mguu ukawa mfupi umepinda kama kiwiko, na hakuna chuma ambacho ungekivaa tena. Mikongojo aliwapa watu wengine. Alirudi kwenye kandambili zake za mikono. Mimi niliendelea kupika kwenye chumba cha mizani mpaka mwaka ulipoisha, na tulipokaa kula sindano ilipanda kama kawaida, lakini haikumtaja mtu. Kisha nikaolewa mbali, nikafurahi kuwa ni mbali. Wabiwa alifundisha amekaa, barazani kwa mama yake, watoto ambao shule haikuwataka au hawakuwa na uniforme, akiandika kwa chaki kwenye mlango wa kamyo ambao Ya Asukulu alimng'olea na kumwegeshea chini, kimo cha macho yake. Hakuandikwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Pale kilioni, nusu ya wanaume waliochimba kaburi alikuwa amewafundisha kusoma.

Mwaka jana mjukuu wangu pale Uvira alinionyesha kwenye simu yake mtu wa nchi za wazungu amevaa miguu ya moteri, yote miwili, anatembea kwenye chumba cheupe. Mjukuu alinitafsiria: vipande vidogo vimebandikwa kwenye ngozi, vinasikia nyama ikitaka kusonga kabla haijasonga, na mashine inajua. Alidhani nitashangaa. Nilimwomba aiweke tena, na tena, mpaka moto wa simu ukaisha. Nilifurahi kwa yule mtu, kweli, nilimfurahia mpaka moyo ukauma. Nilitaka kumpigia simu Ya Asukulu nimwambie zile moteri zimetoka kwenye kutu. Lakini nilikuwa na swali moja na mjukuu hakuweza kulijibu. Nilimuuliza, yule mtu akisema ngoja, wakati wakubwa wanaangalia, ile mashine inafanya nini.

Kilio kilipovunjwa, mchana wa siku ile ya tatu, kijana wa pikipiki alikuja kumchukua Wabiwa. Mjane alikuwa amerudisha vitu mfukoni, na Wabiwa alisema nivichukue mimi; yeye hana pa kuviweka. Watu walikuwa wanaaga. Ilibidi mtu amnyanyue kutoka mkekani mpaka kwenye kiti cha pikipiki, na wale vijana walikuwa tayari wananyoosha mikono, lakini alinitazama mimi. Nikapiga magoti nyuma yake, nikaingiza mikono chini ya makwapa yake. Alikuwa mwepesi kuliko zamani. Nywele zake zilinukia moshi wa kilio.

"Ule siku ulisikia," alisema. Alikuwa anaangalia mbele, kwenye pikipiki.

"Nilisikia."

"Mara ngapi?"

Katika miaka yote, hata nikiwa peke yangu, hata nikisali, nilikuwa nakumbuka mara moja. Hata hapa juu nimeandika mara moja. "Mbili," nikasema.

Akatikisa kichwa, polepole, kama anavyomkubalia mtoto aliyepata hesabu aliyoijua yeye tangu asubuhi. Kijana wa pikipiki alisema bamama, jua linaenda. Nikajiweka sawa ili ninyanyue.

"Ngoja," Wabiwa akasema.

Nikangoja. Kijana alipiga honi, akapiga tena. Watu walisimama wakitutazama, mwanamke mzee amemkumbatia mwingine kwa nyuma chini kwenye mkeka, na mmoja wao akauliza kama kuna shida. Sikuiondoa mikono yangu makwapani mwake, wala sikunyanyua. Alikaa, akapumua, akapumua, kama mtu mwenye siku nzima. Niliweka sikio langu karibu na shingo yake. Honi ikalia mara ya tatu. Nilingoja mpaka pumzi yake ikafunga.